Kifungu cha Nne

Bembea ilifika Jumatatu, imefungwa kwa karatasi za kaki.
Mafundi wakatoboa dari,
wakaining'iniza kando ya mashine ya kahawa.
Mkurugenzi akapiga picha. Vijana wakapiga makofi, matatu, basi.
Hadi leo aliyeipanda ni koti la Wit.

Mimi ndiye Halszka wa utumishi, miaka hamsini na miwili,
mwenye faili, mwenye muhuri, mwenye funguo za kabati.
Ndani ya miezi mitano wachoraji watatu wameaga,
na kila barua imeandikwa kwa adabu,
kama mtu anayerudisha mlango polepole asimwamshe mtoto.
"Andika upya kanuni," nikaambiwa, "zivutie."
Zivutie! Kama pazia.

Hapa Łódź jengo letu lilikuwa kiwanda cha pamba.
Bibi yangu alisimama papa hapa, penye meza ya Jagoda,
masikio yamezibwa na ngurumo za mitambo ya kufuma.
Akichelewa dakika nne, hukatwa ujira wa saa nzima.
Saa ya ukutani ipo bado, ilikufa kumi na moja na robo,
tumeiacha iwe pambo;
lakini kifungu cha nne, nilichokinakili kwa mkono wangu,
kingali kikitembea kwa mishale yake:
*Kila mfanyakazi awe mezani saa tatu kamili.*

Nikawauliza mmoja mmoja, bila fomu.

Wit akasema dubu wake hakubali kutembea kabla ya saa nne usiku;
mchana humchora, naye husimama tu, anangoja basi.

Jagoda alikigeuzageuza kikombe.
Kisha: Jumanne ni zamu yangu kumpeleka mama
kwenye mashine ya kumsafisha damu.
Jumanne thelathini na tisa ameniandikia "jino",
nami nimegonga muhuri, jino, jino, jino,
bila kukumbuka kinywa cha binadamu kina meno mangapi.

Olgierd, mdogo wa wote, akanikatiza:
"Mimi usinifungulie. Nyumbani tuko sita na meza moja.
Nipe saa tatu yangu. Nikiachiwa siku nzima, nitamwagika."

Hapo kalamu ikanigomea.
Kumbe kulegeza kamba si kuikata,
na shingo hazilingani.

Nikaandikia nyumbani, miguu ndani ya beseni la maji moto,
saa sita usiku, nikikivunja kifungu ninachokitengeneza.
Asubuhi mkurugenzi akasoma, akakuna kidevu:
"Je, wakilala?"
Watalala, nikamwambia. Bibi alilala wima,
na kitambaa kikatoka na kosa, na kikauzwa.

Sasa kifungu cha nne kinasema:
*Tuambie utakuwa wapi, na lini. Ukisema, tutaamini.*
Mwanasheria ameongeza aya mbili. Sijazisoma.

Jumanne ujumbe ukaingia: "Niko na mama. Narudi saa nane."
Nikaukamata muhuri kwa mazoea,
nikakosa pa kuugonga.

Ofisi ilikuwa tupu. Nikaliondoa koti la Wit, nikakaa.
Minyororo ikalia. Miguu yangu haikufika sakafuni.
Mlango ukafunguka: Olgierd, saa tatu kamili,
akaniona, akaitazama saa iliyokufa,
akapita taratibu kwenda mezani kwake
bila kusema neno.