Dakika Nne

Saa ya ukutani iligonga nane mchana.
Ni saa kuukuu, kioo kimepasuka,
lakini katika chumba hiki, kisheria, haikosei.
Nikauliza: kuna bahasha nyingine?
Kimya. Dirishani theluji ilishuka
juu ya mto Tolliver, juu ya daraja
lililoliwa na kutu hadi lori la maziwa
likakatazwa kupita.

Nikapiga mhuri.
Bahasha tatu mezani: moja ya Columbus, moja ya Pittsburgh,
moja ya watu ambao hawajaukanyaga mji huu
ila wanajua bei ya kila msumari wake.

Ndipo mlango uliposukumwa.
Ondrej Hrabovsky, buti zimejaa theluji,
kofia mkononi kama aingiaye kanisani,
bahasha kifuani chini ya koti, kona moja imelowa.
"Daraja, Ludmila," alisema, akihema.
"Wamelifunga tangu asubuhi. Tumezunguka kote Kessler."

Saa nane na dakika nne.

Haraka haraka haina baraka:
aliyesema hivyo hakuwahi kupeleka zabuni.

Baba yake na baba yangu walilisha tanuru moja
miaka ishirini na mbili, wakagawana mkate,
na siku kiwanda kilipozimwa
walitoka lango moja, bila kuagana.
Leo mwanawe ana mafundi arobaini wa kuchomelea
na kazi ya wiki tatu tu.

Wajumbe wakanitazama. Mmoja akakohoa:
"Wakili, dakika nne ni nini?"

Dakika nne ni nini!
Kanuni hii niliiandika mimi, kwa mkono huu,
baada ya yule mwenyekiti wa zamani
ambaye bahasha za shemeji yake zilichelewa daima,
na kila mara zikashinda
kwa dola moja.
Miezi minane nilisugua korido za bunge la jimbo,
nikinywa kahawa mbaya na watu wema,
na kahawa nzuri na wengine,
hadi sahihi ya mwisho ikapatikana.

Nikampa stakabadhi. *Imerudishwa bila kufunguliwa.*
Ondrej aliisoma mara mbili,
akaikunja vizuri, kama bili ya hospitali,
akavaa kofia yake mle mle ndani.

Columbus wakashinda.
Kipengele cha kumi na saba kinawataka
waajiri theluthi moja ya vibarua kutoka kaunti hii.
Theluthi. Nilikuwa nimeomba nusu.

Jumamosi tulikutana dukani, kwenye majokofu.
Bahasha, alisema, iko juu ya kabati, haijafunguliwa bado;
mkewe hataki kuiona, naye hataki kuitupa.
"Nikutajie bei yetu?"

Nikasema hapana.
Nikachukua maziwa.
Yamepanda senti kumi,
kwa sababu lori linazunguka.