Mito

Wadi Jizi, saa nne asubuhi.
Mto umekauka, mito imebaki:
mawe ya mviringo, meusi yenye ukijani, yamelaliana
kama mito ya kitanda cha arusi
asichokilalia mtu.

Yalizaliwa majini.
Moto ulichomoza kwenye ufa wa sakafu ya bahari,
ukakutana na baridi, ukajikunja, ukawa mto;
wa pili ukaupanda wa kwanza,
wa tatu ukailalia yote miwili,
na hapakuwa na jicho la kushuhudia.

Kisha bahari ile ikabanwa.
Sakafu ya bahari ikibanwa desturi yake ni kuzama,
ni nzito, hushuka chini ya jirani ikapikwa upya.
Hii ilikataa. Ilipanda.
Ilikuja juu ya Arabuni kama mgeni na virago vyake,
na siku ya tatu hakupewa jembe,
alipewa jina:
mlima.

Nafungua sanduku la kinasa mitetemo,
nabadilisha betri, namfukuza mjusi.
Usiku wa jana, saa tisa na dakika sita, mstari umeruka.
Kwanza wimbi la kusukuma,
jepesi, la mtu agongaye mlango kwa kidole.
Sekunde thelathini na nane.
Ndipo la kutikisa, lililokuja na bega zima.
Thelathini na nane mara nane:
kilomita mia tatu na nne. Lakini wapi?
Kituo kimoja hujua umbali, upande hakiujui.
Nampigia Yarub aliyeko Maskati,
Yarub anampigia Shamsa wa Khasab,
duara tatu juu ya ramani,
na zinapokutana, hapo ndipo kitovu.

Jioni, Sohar, mama yungali anahesabu bilauri.
Zimegongana kabatini usiku, moja imepata ufa.
"Ng'ombe kabadili pembe," asema, ajicheka mwenyewe.
"Na kitovu kiko wapi?"
"Ng'ambo, Uajemi. Kilomita kumi chini ya ardhi."
"Changu kiko Wete," asema,
"chini ya mkarafuu, kama haujakatwa."

Nikamshika mkono.
Hina ya Idi imekwishasogea;
kati ya shina la ukucha na wekundu pana utepe mweupe.
Hivi, nikamwambia, ndivyo bamba letu liendavyo kaskazini,
wala halikushindi ukucha wako kwa mbio.
Ila huko mbele limekwama, mwamba kwa mwamba,
kama mlango uliovimba kwa mvua:
unausukuma, hauendi,
unausukuma, mbao zinapinda, hauendi,
mara umefunguka, nawe uko sakafuni
na sinia lako la vyombo.

"Kumbe tumo safarini."
"Tumo."
"Miaka yote sitini hii?"
"Mita moja na nusu."
Akapima kwa macho, toka kiti chake hadi televisheni.
Akanyamaza kidogo.
"Na Pemba?"
"Nayo inakuja huku huku, juu ya bamba jingine.
Polepole kuliko sisi."
"Basi isingojwe na chai," akasema,

akazirudisha bilauri kabatini,
ile ya ufa pia,
na safari hii akaacha upana wa kidole
kati ya moja na nyingine.