Kikombe cha Dirishani

Juu ya mlango saruji bado inasema 1938,
ile tatu imemomonyoka, ukipita mbio unasoma nane.
Mtaa wa Kisutu. Vuli haijaamua kunyesha.
Kirit ameuza jengo kwa simu, yuko Lesta;
Jumatatu linakuja tingatinga.
Leo ni Diwali.

Mama yangu, Sikudhani binti Mbonde,
ana mwaka wa sita tangu astaafu, huko Mbagala
(kama ni kustaafu, kuondoka bila kiinua mgongo,
doti moja ya khanga na kilo mbili za sukari).
Asubuhi amenitaka nimlete mjini:
"Jasuben magoti hayapigi tena.
Nani atamchorea?"

Nikasema, Mama, sikukuu si yako.
Akasema, sikukuu si yangu, sakafu ile ni yangu.
Nimeideki miaka thelathini na moja.

Akaanza na nukta.
Unga mweupe ukimtiririka kati ya gumba na shahada,
kumi na tano kwenda, kumi na tano kushuka,
bila rula, bila kuhema.
Alifunzwa na mkwewe Jasuben, marehemu,
mwanamke wa kofi jepesi: nukta ikipinda, mkono unalia.
Watoto wa nyumba hawakujifunza. Walikuwa na mitihani.
Sasa nukta zinashikana mikono,
yungiyungi linafumbuka, tausi anapata shingo,
nyekundu, manjano, samawati ya Kariakoo
iliyopimwa kwa kijiko kwenye kipande cha gazeti.

Jasuben katuletea daftari.
Duka lilifungwa zamani, lakini usiku huu hesabu hubarikiwa,
na yeye hana nyingine ila hii ya zamani,
jalada jekundu limeliwa na mende pembeni.
"Tazama," ananiambia, "wewe mhasibu. Mama yako huyu hapa."
Kidole chake kinatetemeka juu ya mwandiko nisioujua,
kati ya sabuni na mafuta ya taa.
Jina lake liko wapi?
Akakaa kimya kidogo.
"Tuliandika *bai*. Wote tuliwaandika *bai*."
Nami nimesomea pande mbili ziwe sawa.
Nilijumlisha. Sikufika.

Ndipo chai ikaja.
Bilauri mbili za chuma, yake na yangu,
na kikombe cha bati, buluu, kimebanduka mdomoni,
kilichoishi nje ya kabati miaka yote ile,
dirishani, peke yake, mvua ikikiosha,
kisije kikagusana na vya wenyewe.
Nadhani hakukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe
kama mkono unavyotafuta swichi gizani.
Kisha akakiona alichokishika.

Fataki likapasuka upande wa Jamhuri.
Mbwa wa mlinzi akaingia chini ya gari.

Bilauri yangu sikuigusa.
Mama alikipokea, akanywa yote, mpaka tangawizi ya chini,
akakifuta kwa ncha ya khanga,
akamimina mafuta, akasokota pamba,
akawasha,
akakirudisha dirishani.
"Kila kitu na mahali pake," akasema,
na mpaka leo sijui alikuwa akimwambia nani.

Jasuben akainama akachungulia.
"Utambi mrefu, Siku. Utatoa moshi."
"Nimeona," akasema Mama, akaupunguza.
Wakasimama wanautazama, wazee wawili, mabega hayagusani,
nyumba haina tena mapazia.

Jioni, sokoni Mbagala,
muuza samaki akaona vidole vyake,
wekundu kwenye kucha, manjano kwenye mikunjo.
"Bi Siku, umetoka harusini?"
"Nimetoka kazini."
"Si ulishaacha?"
Mama hakujibu. Akainua kibua,
akafungua shavu kuangalia kama bado lina damu.