Masahihisho

Kila Alhamisi, saa kumi na moja na robo jioni,
baada ya bei ya kuni na kabla ya matangazo ya vifo,
nasoma masahihisho.

Wanaijua sauti yangu hapa Podlipe.
Kwenye foleni ya mkate nikisema "miwili, tafadhali,"
shingo zinageuka, za upande huu wa mto na za ule.
Ni sauti ile ile. Sikupewa nyingine.

Sahihisho la kwanza.
Tarehe kumi na nne Machi, mwaka wa pili wa vita,
nilitangaza kwamba watu wa ng'ambo
wametia sumu kisima cha kinu.
Kisima hakikutiwa sumu.
Nilikunywa maji yake tarehe kumi na tano,
nikaongeza kikombe.

Sahihisho la pili.
Nilisema "genge" nikimaanisha Rasim fundi saa,
mwanawe, na farasi mmoja.
Nilisema "wamekimbia"; walifukuzwa.
Nilisema "shwari imerejea mtaani."
Mtaa ulikuwa mtupu.

Mhariri wangu, Senija, hajafika miaka thelathini.
Ana kalamu nyekundu na subira isiyo na huruma.
Anakata "inasemekana": nani anasema?
Anakata "wao": akina nani? Hawana majina?
Anakata "kwa bahati mbaya," ananitazama
mpaka nainamisha uso.

Wapo wanaopiga simu kunitukana.
Mmoja husubiri muziki uanze ndipo apige, ana adabu zake.
Wengine huniambia, achana nayo, Zdravan,
maji yakimwagika hayazoleki.
Kweli, hayazoleki.
Lakini aliyeyamwaga anajulikana,
na sakafu bado inateleza.

Matangazo ya vifo hapa hubandikwa kwenye nguzo:
ukingo wa kijani kwa hawa, mweusi kwa wale,
ujue kwa mbali kama kilio kinakuhusu.
Redio haina ukingo.
Nasoma jina, umri, saa ya maziko,
na mtu aliyekuwa akimenya viazi
anajikuta ametua kisu kwa ajili ya asiyemhusu
kabla hajapata muda wa kuuliza.

Mwezi uliopita bahasha ilipenyezwa chini ya mlango.
Haina jina. Mwandiko wa mkono uliozoea nyundo.
"Ulisema kijana wa Nevzeta alivuka mpaka, yuko Austria.
Hakuvuka. Yuko chini ya mijozi mitatu,
nyuma ya kiwanda cha matofali. Sahihisha."

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja na dakika tisa.
Miaka kumi na tisa yule mama ameandaa sahani ya pili mezani
kwa sababu ya sentensi yangu moja.

Senija akaisoma, akafunika maikrofoni kwa kiganja.
"Hii si habari," akasema. "Bado.
Wachimbaji nitawaita mimi. Wewe nenda kwake."

Tukaweka muziki. Nikavaa koti.
Daraja jipya lina hatua mia moja na kumi na mbili;
sikuwahi kuzihesabu.

Nevzeta alifungua kabla sijabisha.
Redio yake jikoni ilikuwa ikipiga akodioni
saa isiyo ya akodioni.
"Leo hukusoma," akasema.

Nikamwambia, bila karatasi, bila kipaza sauti.
Jina la mwanawe lilinikatikia kooni,
mimi niliyewahi kusoma orodha nzima
bila kukohoa.

Hakulia mbele yangu. Aliondoa sahani,
akaifuta, ingawa ilikuwa safi.
Nilipofika ngazini akaniita:
"Alhamisi ijayo soma. Soma polepole.
Na useme kwamba ulikuwa wewe."

Alhamisi iliyofuata kuni zilikuwa zimepanda.
Nilianza na kuni.