Tanbihi ya Kwanza

Fomu inafungwa Ijumaa.
Nimeshapeleka vyeti, nakala tatu, mhuri wa wakili,
picha mbili nilizonuna kama mshtakiwa.
Zimebaki kurasa kumi za pendekezo
na swali la Daktari Kabahenda, kalizungushia wino mwekundu:
Vyanzo vyako viko wapi?

Viko wapi. Nimeuliza wilayani, hapa Soroti.
Karani akanifungulia stoo, akawasha tochi ya simu,
akanionyesha rafu ambazo mchwa wamezisoma kabla yangu,
jalada la kwanza hadi la mwisho,
bila kuruka ukurasa.
Za kinu cha pamba? Akacheka kwa upole.
Hizo ziliuzwa kwa kilo, mwalimu, mwaka jana tulipohama ofisi.

Basi nikaandika: "Wakulima wa Teso walipinga bei."
Nikafuta. Nani alipinga? Siku gani? Kwa neno gani?
Nikarudi kusahihisha madaftari ya kidato cha tatu.
Taja sababu tano. Wote wametaja tano zilezile,
nilizowapa mimi,
nilizopewa mimi.

Magharibi nikanunua karanga kwa Akurut, za mia tano.
Nilipofikia ya mwisho, chini kabisa ya koni,
kati ya chumvi na maganda mekundu,
wino wa bluu, mwandiko wa kulalia ubavu,
Kiingereza cha karani:
Anyait, mke wa Okiror. Ratili arobaini na mbili.
Daraja la pili. Amekataa malipo.

Amekataa malipo.
Nikasahau kutafuna.

Nikarudi mbio. Mama, hizi karatasi...
"Mimi nauza karanga," akasema. "Karatasi ni bure."
Nikanunua beseni zima, koni sitini,
elfu thelathini, nauli yangu ya Kampala.
Akanitazama kama anayehesabu watoto nilio nao.

Sasa ni saa nane usiku. Karanga zimejaa sufuria, ndoo,
karai la kufulia.
Nimezikunjua zote, nimezipiga pasi kwa moto mdogo.
Nyingine zina nusu ya jina. Nyingine zina uzito bila mtu.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
tuliimbishwa darasani, na hakuna aliyetuambia
daftari lenyewe likipotea twende tukalitafute wapi,
wala kwamba habari huweza kunukia mafuta.

Sijui kama alikataa kwa sauti au kwa kugeuza mgongo.
Sijui kama pamba aliirudisha nyumbani kichwani
au aliimwaga palepale mizanini, wakaikanyaga.
Sijui. Na hilo, Daktari, ndilo swali langu la utafiti.

Imebaki tanbihi. Mwongozo wa idara unataka
jina la hifadhi, namba ya jalada, ukurasa.
Naandika:

Akurut, soko la Soroti, meza ya tatu kutoka mlango wa samaki.
Jalada: beseni la bluu.
Ukurasa: umekunjwa.