Hamsini, Nani Zaidi?

Nilikinunua Mwembe Tayari kwa fundi wa redio,
kisanduku cha chuma, kizito kuliko umbo lake:
kifundo kimoja, taa mbili, tundu la pini tatu.
"Kazi yake," alisema, akipuliza vumbi,
"ni kumshika mkono mnyonge amfikishe penye watu."
Sikumwelewa. Nililipa nikavuka barabara.

Chumba changu Majengo ni futi kumi kwa tisa.
Godoro nimelisimamisha ukutani,
dirishani nimetundika leso za mama, tatu,
ya mbele imeandikwa YA JIRANI HAYANIHUSU,
wapita njia huisoma sawasawa,
mimi niliye ndani naisoma kinyume.

Kwanza waya, umeme baadaye;
hili nimejifunza kwa kuunguza.
Kifundo kianze chini kabisa, kielekee saa moja,
maiki ichomekwe mpaka iitike tak,
ndipo ubonyeze zile volti arubaini na nane
na ungoje, kama unavyomngojea mtu avae viatu.

Jumamosi akaja Mwinyihaji Kombo,
dalali wa Kongowea, miaka thelathini bila kipaza sauti.
Alipotaja bei ya tenga, zamani hizo,
aliyekuwa juu ya daraja la Nyali
alijua kama nyanya zimepanda.
Daktari wa koo amemwachia mnong'ono.
Ana mjukuu, Tima, wa miezi minne.
"Hajanisikia," alisema,
au midomo yake ilisema, nami nikakisia.

Nikamvisha hedifoni. Nikakishika kifundo.
Saa tatu: kimya.
Saa tano: pumzi, na meno ya bandia yakigusana.
Saa saba, sauti! Nyembamba, lakini yake,
na nyuma yake wakapanda wote walioshika nguo yake:
kunguru akikwaruza bati,
tuktuk ikikohoa kwenye kona,
kijiko cha mtu katika kikombe cha mtu,
na chini ya hayo yote mvumo, mmmm,
wa jokofu la Bi Nyevu auzaye barafu za ukwaju.

Nikakaza waya wa ardhi. Nikabadilisha plagi.
Nikamweleza Mwinyihaji: ni umeme huo,
hupiga mara hamsini kila sekunde.
Akatikisa kichwa kama aliyetajiwa bei.
Nikatoka kumsihi Bi Nyevu alizime.
"Dakika kumi," alisema. "Barafu haijui sanaa."

Nilidhani atamwachia mtoto nasaha,
au dua, au majina ya waliotangulia.
Akafumba macho, akainua mkono juu ya soko nisiloliona:
"Tenga hili la Taveta, bwana, hebu ligeuze ulione chini.
Thelathini. Thelathini na tano, yule wa kofia.
Arubaini. Usiliminye, bibi, si titi.
Arubaini na tano.
Hamsini..."
Kifundo kilikuwa saa tisa, nami nimesahau kupumua.
Kicheko kikamtoka, kikageuka kikohozi,
taa nyekundu ikawaka, mkono wangu ukachelewa.
Pale sauti imepasuka. Sikupakata.

"Hamsini," akarudia, polepole. "Nani zaidi?"

Kimya.
Maiki ikakinywa chote,
kimya chenye ukubwa wa futi kumi kwa tisa.
Kisha, ng'ambo ya ukuta, dakika zikiwa zimetimia,
jokofu likatetemeka, likaanza:
hamsini, hamsini, hamsini,
wala halikuongeza hata senti.

Mwinyihaji alilisikia ndani ya hedifoni.
Akafumbua jicho moja, akapiga goti kwa kiganja.
"Imekwenda," alinong'ona. "Kwake Bi Nyevu."

Nikarudisha kifundo saa moja.
Nikazima volti, nikahesabu hadi thelathini.
Waya niliuchomoa mwisho.