Isipokuwa Moja

Tartu, Novemba. Saa tisa alasiri, taa zimeshawashwa.
Leelo anafungua faili la kanuni,
mistari michache, nafasi mbili mbili pembeni,
ukipunguza nafasi moja hakuna kitakachosomeka.

Anaandika:
kila njia iwe na maelezo.
Majina yawe ya herufi ndogo, yaungwe kwa kistari.
Kila ombi liseme litajibu nini likishindwa,
maana kushindwa nako ni jibu.
Hili liwe kosa. Hili liwe onyo tu.
Hili (anasita, kikombe kimepoa) lizimwe kwanza.

Kisha anakiachia kikaguzi
kipite juu ya maelezo ya kiolesura cha dawa,
kile ambacho kila duka la dawa, Narva hadi Võru,
hukipigia hodi kabla ya kutoa kidonge.

Malalamiko elfu moja mia nne na kumi na mawili.
Kikaguzi hakipandishi sauti. Hakijui nani ana homa.
Kinahesabu kama ahesabuye mizani ya shairi
bila kuuliza shairi linamlilia nani.

Karel, kijana wa dawati la dirishani, anasema:
nipe saa mbili.
Na kweli, kufikia saa kumi na moja wekundu umekwisha,
umebaki ule mmoja tu asiouthubutu.
Leelo anasoma alichojaza:
"Maelezo ya njia hii ni maelezo ya njia hii."
Herufi zimetosha, nukta ipo mwishoni.
Funika kombe, mwanaharamu apite.
Hamgombezi. Anazitazama kanuni zake
anaziona zilivyo: zinajua kukamata ukimya,
uongo hauna harufu puani mwao.

Ule mmoja uliobaki ni kisanduku kiitwacho "adress".
Kwa Kiestonia neno hilo lina a mbili mwanzoni.
Aivar, mwaka ule wa kwanza, kwa haraka au kwa njaa,
aliandika moja.
Siku hizi anafuga nyuki Setomaa, simu hapokei,
na a yake iliyokosekana imeota mizizi:
maduka mia nne yanaita hivyo hivyo,
kama mtoto aliyekosewa jina na karani
akazeeka nalo.

Irudishe, na kesho asubuhi Ülle wa Võru
atasimama na mgonjwa mbele yake, anakohoa,
na skrini itamwambia: anwani haipo.
Tahajia sahihi kabisa. Dawa hakuna.

Leelo anaandika isipokuwa moja, na chini yake:
"Imeachwa makusudi. Usiirekebishe.
Kosa hili lina watu ndani yake."

Halafu anafuta yote aliyojaza Karel,
anamwita aje na kiti chake.
Njia ya kwanza, anamwambia.
Inafanya nini? Nieleze kama unamweleza Ülle.

Karel anafungua kinywa, anakifunga.
Wekundu umerudi skrini nzima:
elfu moja mia nne na kumi na moja.